Kompyuta Kumi na Chumba cha Dada Badria

Malindi, Mji Mkongwe
14 Januari 2024

Kwa Dada Badria,

Shikamoo dada. Naanza kwa kukuomba radhi kwa hati hii, maana tangu nilipotoka skuli kalamu nnaishika kwa kutia saini tu. Silima wa gari ya Makunduchi kanambia simu yako imetumbukia baharini ulipokuwa ukivuna mwani. Mimi nilishapiga mpaka yule mwanamke anayesema "haipatikani kwa sasa" akawa kama shoga yangu. Basi nnaandika, na Silima atakuletea.

Huku sote wazima, na "sote" ni mimi na paka. Bado sijaoa, kabla hujauliza. Bati la jikoni nimelibandika, halivuji tena pale pa zamani. Linavuja papya.

Sasa habari yenyewe. Kuna mzee wa Kizungu aliyekuwa akija hotelini kwetu kila mwaka. Ofisi yao imenunua kompyuta mpya, akanitumia zile kuukuu kumi kwa meli, nifungue darasa. Mimi, kabla hata mzigo haujatoka bandarini, nilishautangazia mtaa mzima: darasa la kompyuta kwa wanawake wanaotafuta kazi, bure, mwalimu Abdulhakim. Nilipozifungua nikakuta hakuna hata moja yenye diski. Wenyewe wamezing'oa wasije watu wakasoma siri zao. Kompyuta bila diski ukiiwasha inawaka, inakutazama, basi.

Mtu mwenye haya angejificha. Mimi nikasema dawa naijua. Unaweka kompyuta moja yenye diski kubwa, hiyo ndiyo mashine mama, unaiunganisha na nyengine zote kwa waya. Hizo nyengine zikiwashwa zinauliza kwenye waya: mimi nani, na vitu vyangu viko wapi? Mama anazijibu: wewe fulani, anuani yako hii, na mafaili yako yote, kuanzia ule mzizi wenyewe yanapochipukia mengine yote, yako huku kwangu. Basi inaamka na kufanya kazi kama kompyuta yoyote, na ndani yake hamna kitu. Nnashinda nazo kutoka asubuhi mpaka alasiri, na mpaka leo haijaamka hata moja, lakini naijua dawa.

Ombi langu ni hili. Ukumbi wa chini utakuwa darasa. Mashine mama nataka niiweke chumbani kwako juu, kwa sababu kuta za chini zinatoa maji ya chumvi, na wewe tangu uolewe chumba umekiachia sanduku la marehemu mama na vumbi. Nyumba ni yetu sote wawili, ndiyo maana naomba ruhusa. Naomba, ingawa ukuta nshaanza kuutoboa kidogo.

Msalimie shemeji Usi. Mwambie lile bao la mwisho sikushindwa, nilimstahi.

Mdogo wako,
Abdulhakim


Makunduchi
2 Februari 2024

Hakim mdogo wangu,

Marahaba. Hati yako nimeisoma kwa msaada wa jua na subira.

Huku kaskazi linavuma, mwani unakauka vizuri. Bi Zeyana, jirani yangu, amepata mjukuu wa kike, analia kama king'ora cha boti. Miguu yangu inaniuma kwa kusimama majini, lakini hiyo si habari mpya. Shemeji yako yupo.

Ya chumba: usikiguse. Sisemi zaidi. Kama umeutoboa ukuta, uzibe.

Na hili nijibu. Umeandika "hotelini kwetu", kisha ukaandika unashinda na kompyuta kutoka asubuhi mpaka alasiri. Hoteli gani inayomlipa mtu akae nyumbani kwa mama yake?

Hizo mashine zinazoamka hazijui vitu vyao viko wapi, usizicheke sana. Wako watu pia.

Dada yako,
Badria


Malindi
25 Februari 2024

Dada Badria,

Shikamoo. Natanguliza pongezi kwa Bi Zeyana kwa mjukuu. Huku jirani yetu Bi Fathiya, mwenye nyumba ya wageni, ametuvutia waya wa intaneti kutoka kwake, bure, kwa kuwa anasema marehemu mama alikuwa akimpelekea sambusa. Mama kafa, na sambusa zake bado zinatulisha.

Barua yako ilichelewa. Silima aliisahau chini ya kiti chake, na ilipofika mashine mama ilikuwa nshaipandisha chumbani kwako na waya nshauteremsha kwa lile tundu. Najua ulivyosema. Nitaitoa, lakini niambie basi sababu, maana juu huko imetulia kama bibi harusi.

Sasa nikusimulie aibu zangu, ucheke. Siku ya kwanza niliwakusanya wanafunzi. Mmoja wao ni Shadya, aliyekuwa akiuza juisi ya miwa Forodhani na sasa anataka kazi ya mapokezi hotelini. Nikaiwasha kompyuta ya kwanza. Ikapata anuani yake. Maandishi yakaanza kumiminika kwenye kioo, meupe juu ya weusi, nami nikageuka nikawaeleza kila kitu kwa mikono miwili. Nilipokuwa katikati ya maneno, maandishi yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema haikuuona mzizi wake.

"Mwalimu," Shadya akaniuliza, "mbona kama imezirai?"

"Inafikiri," nikasema.

Ilifikiri mpaka adhuhuri. Nikawaruhusu waende nyumbani. Kosa nililigundua nilipokuwa nakula: kwenye mashine mama nilitakiwa kuandika ni anuani zipi zinazoruhusiwa kuyafikia mafaili. Nilikosea tarakimu moja. Mlango niliwafungulia watu wasiokuwepo, na wa kwetu nikawaacha nje.

Wiki ya pili zikaamka zote kumi. Dada, nilikaribia kulia. Nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika barua za kuomba ajira. Kumbe mimi, kwa kurahisisha, nilizipa mashine zote kumi kabati moja la kuwekea vitu, na kila aliyehifadhi barua yake alikuwa akiifuta ya mwenziwe. Shadya alipofungua ya kwake ikamwambia yeye ni mjane, fundi wa kushona, mwenye watoto watano. Akaisoma mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, maskini mimi!"

Sasa nimerekebisha. Mafaili makubwa yanasomwa na wote na hakuna anayeweza kuyagusa, na kila mashine ina kikona chake cha kuandikia. Zinakwenda vizuri, naogopa hata kupiga chafya karibu nazo.

Ya hotelini, kazi ni kazi, wakubwa wanakusalimu. Na wewe shemeji umesema "yupo" tu. Hata jiwe lipo. Mzima?

Abdulhakim


Makunduchi
17 Machi 2024

Hakim,

Marahaba, na Ramadhani njema. Leo nimefuturu kwa Bi Zeyana, muhogo wa nazi na papa mkavu. Mtoto kidogo amepunguza kelele. Barua zako kuanzia sasa mwambie Silima aziache kwa Bi Zeyana, ni karibu na barabara.

Ya Shadya nimecheka. Mpe salamu zangu, mwambie kwa mwalimu aliyempata asikate tamaa.

"Kazi ni kazi" si jibu. Na tangu udogo wako ukiambiwa jambo unauliza sababu kwanza, kutii baadaye.

Chumba changu lile komeo la ndani bado linafunga?

Badria


Malindi
20 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi nakupa ya kuchelewa. Niliswali Malindi, nikala kwa watu watatu mbalimbali, nikarudi nyumbani nikalala kama gunia. Komeo sikulitazama, mlango sasa unapita waya wa umeme, haufungi sawasawa. Nitalitazama.

Sasa keti vizuri. Baada ya Idi tulifungua darasa rasmi. Nilimwalika sheha, mkubwa wa mtaa wetu, nikanunua soda, nikavaa ile kanzu ya harusi ya ndugu zetu wa Mkunazini ambayo tumbo langu haliipendi tena. Asubuhi ile umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi kabla ya saa nne. Nikasema alhamdulillah, bora mapema. Nikaiwasha mashine mama kwanza, kisha zile kumi. Zote zikaamka, moja baada ya moja, na kwenye kila kioo maneno makubwa niliyoyaandika mwenyewe: KARIBU DARASA LA MALINDI. Sheha akaweka mkono juu ya kipanya, mimi nikashika kifua. Hapo tukasikia sauti uchochoroni.

"Abdulhakim! Abdulhakim!"

"Naam!"

Bi Fathiya akaingia na mtandio mkononi.

"Kompyuta yangu ya mapokezi inaniita mwanafunzi!"

"Vipi, Bi Fathiya?"

"Imeniandikia Karibu Darasa la Malindi! Mwanafunzi wa kumi na moja! Nna wageni sita kwenye ngazi, wanataka vyumba vyao, na vitabu vyangu vyote humo sivioni! Na waliomo vyumbani simu zao hazina mtandao!"

Nikajua papo hapo. Ule waya aliotupa, mimi niliuchomeka pamoja na za kwetu bila kizuizi chochote kati, na umeme ulipokatika mashine zake nazo zilizimika. Ziliporudi zikauliza kwenye waya kama kawaida yao: mimi nani, na vitu vyangu viko wapi? Mashine mama yetu, kwa ukarimu wake, ikazijibu mwanzo. Kompyuta ya mapokezi ikaja kwetu darasani, diski yake mwenyewe imo tumboni haijaguswa. Simu za wageni nazo zikapewa anuani za kwetu zisizokwenda popote.

Nikakimbia na kanzu yangu kuchomoa waya. Kwa haraka nikachomoa mwengine, siwo. Mashine zote kumi zikaganda, mkono wa sheha ungali juu ya kipanya. Akatazama kioo, akatazama soda, akasema, "Kwa hivyo darasa limeshafungua tawi." Shadya alicheka mpaka akakaa chini.

Vitabu vya Bi Fathiya vilirudi salama alipoizima na kuiwasha. Waya hakutunyima. Lakini sasa nikipita dirishani kwake ananiita "bwana mkurugenzi", na wageni wanageuka.

Nilikuwa nataka kuimaliza barua hapo. Nikampelekea Silima kituoni, nikamsimulia, na Silima, anayecheka hata na tairi, hakucheka.

"Humo umemwandikia kompyuta tu?"

"Nimwandikie nini tena?"

"Muulize kwa nini siku hizi nampelekea kwa Bi Zeyana."

"Si karibu na barabara?"

Akasema, "Nyumba ya Usi iko barabarani hasa, Hakim. Gari nnaligeuzia mlangoni kwake."

Nikairudisha barua nyumbani, nnaimalizia sasa hivi. Dada, nnauliza. Na ili usiseme nataka ya kwako na yangu nnaificha: hotelini sipo. Mkataba uliisha Novemba, hawakunipa mwengine. Wewe ulikuwa ukiwaambia watu wa Makunduchi "mdogo wangu ni mkubwa wa mitambo", sikujua nikuvunje moyo vipi.

Niambie.

Hakim


Makunduchi, kwa Bi Zeyana
28 Aprili 2024

Hakim,

Marahaba. Ya Bi Fathiya nimeicheka mpaka Bi Zeyana akaacha chungu akaja kunitazama. Hajanisikia nikicheka tangu nilipohamia kwake. Na hiyo ndiyo niliyokuwa siisemi.

Usi ameniacha mwezi wa Disemba. Talaka moja, kwa maneno ya adabu, baada ya chakula cha mchana. Hatukugombana. Alisema amechoka, kama mtu anayezungumzia miguu yake. Nikakaa eda mule mule nyumbani kwake, kama inavyotakiwa, yeye akalala ukumbini. Barua yako ya kwanza ilinikuta ndani ya eda. Kila asubuhi nilikuwa namtilia chai nikisema moyoni, leo atanirejea. Lilihitajika neno moja tu. Sasa ningekuandikia nini? Niandike nimeachika, kesho anirejee, na wewe ushamchukia bure? Nikaandika "yupo". Na kweli alikuwepo, nnamsikia akikohoa. Eda ikaisha, neno halikuja, nikatoka na sanduku langu.

Simu haikutumbukia popote. Niliizima mwenyewe. Ungeisikia sauti yangu ungejua.

Mashine yako sikuikasirikia. Nilikuwa na pahala pamoja tu pa kurudi duniani, na mdogo wangu ananiandikia kwa furaha kwamba amepatoboa. Ukaniuliza sababu. Sababu nilikuwa sijaweza kujisemea hata mwenyewe. Nna miaka arubaini na saba. Huku watu wananijua Bi Badria wa Usi. Kuingia Malindi na sanduku, madirisha yote yananitazama, niliona haya. Hata kwako niliona haya, wewe niliyekuogesha.

Usije ukamsemesha Usi. Si mtu mbaya. Wala usiniandikie maneno ya huruma, sitayasoma. Nataka mlango unaofunga.

Ya hotelini niliijua tangu barua yako ya kwanza. Pole. Ungenambia, tungefichiana machache.

Badria


Malindi
8 Mei 2024

Dada Badria,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi. Miezi minne nimekujazia karatasi kwa habari za nyaya, na wewe ukinijibu kila moja.

Umesema nisiandike maneno ya huruma, basi nnaandika ya kazi. Mashine mama nimeiteremsha. Iko chini, juu ya kabati la vyombo, mbali na ukuta wenye chumvi. Niliihamisha kwa pupa, nikawasha, kompyuta hata moja haikuamka. Nikahangaika siku nzima, nikalaumu umeme, nikamlaumu aliyebuni mtandao. Mwisho Shadya akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huo waya hukuuchomeka kwa Bi Fathiya tena?" Nilikuwa nimeuchomeka.

Chumba kitupu. Nimekipiga chokaa, nusu ukutani na nusu kichwani mwangu. Tundu nimeliziba, limebaki kivimbe kidogo ambacho mtu akikiangalia sana atakiona, kwa hivyo usikiangalie sana. Komeo nimefunga jipya, la shaba, na kitasa kipya, ufunguo wake ni mmoja, umo mlangoni, na nakala sikuchonga.

Usi sitamsemesha. Jumamosi asubuhi nnakuja kukuchukua mwenyewe. Nilipaswa kuja Januari, Makunduchi si Maskati. Kuhusu madirisha ya mtaani, usijali: nikipita mimi wanacheka, hawatakuwa na nafasi ya kukutazama wewe.

Hakim


Malindi, nyumbani
Jumamosi, 11 Mei 2024

Hakim,

Uko wapi?

Barua yako Silima amenipa asubuhi hii nimeshakaa garini, sanduku liko juu na tumeshaupita msitu wa Jozani. Nilikuwa nshaondoka kabla hujaniita. Usinune. Nilitaka niingie Malindi kwa miguu yangu mwenyewe, si kwa kuvutwa mkono. Nikawasha simu nikakupigia ili usije, ikaita ikaita. Nimefika hapa, nimefungua kwa ufunguo wangu wa zamani, naikuta juu ya kabati, pembeni ya mashine yako, imeandika kwamba nimekupigia mara saba. Bwana mkurugenzi wa mitambo, simu ni ya kutembea nayo.

Kwa hivyo wewe uko Makunduchi unanitafuta mimi, na mimi niko nyumbani kwetu nakungoja. Silima anarudi adhuhuri, nitampa karatasi hii. Najua atakukuta kwa Bi Zeyana unakula, kwa sababu bibi huyo hawezi kukuachia uondoke hivi hivi. Mshukuru kwa niaba yangu, vizuri, sio kwa mzaha. Mimi nilishindwa, nilimshika mkono tu.

Madirisha yalinitazama, ndiyo. Bi Fathiya akatoka akasema, "Badria! Umerudi?" Nikasema nimerudi. Akanipokea kapu. Ikawa ndiyo basi, Hakim. Miezi yote ile niliyokuwa siwezi kulala kwa ajili ya uchochoro huu, na uchochoro wenyewe umechukua muda wa kupokewa kapu.

Chumba nimekiona. Chokaa bado mbichi kwenye pembe, na kitanda umekiweka miguu inatazama mlango kama cha maiti, nimekigeuza. Kivimbe nimekiangalia sana. Nikafunga komeo, nikakaa ndani, nikalia kidogo, nikafungua.

Nilipoteremka wanafunzi wako walikuwa barazani. Hukuwaambia kama unasafiri. Nikawafungulia. Shadya akaiwasha mashine mama, akangoja itulie, ndipo akawaambia wenzake wawashe za kwao. Nami nikakaa kwenye moja iliyokuwa haina mtu. Maandishi yakapita mbio nikadhani nshaiharibu, nikainua mikono juu. Kisha ikatulia, ikataka jina.

Shadya akaja kusimama nyuma yangu. Anajua kumfungulia mtu mpya kona yake, umemfundisha vizuri, hilo nakuvulia kofia.

"Niandike nani, bi?"

"Badria."

Akangoja, vidole viko hewani, kama wanavyongoja watu wote nimalizie Badria wa nani.

"Badria tu," nikamwambia. "Nyumba hii yangu. Yangu na ya ndugu yangu."

Akaandika, ikafunguka.

Rudi kabla ya magharibi. Nnapika.

Badria